Kurambaza: namna ya kujua chambo chako kinapita kina gani

Asubuhi moja tulirambaza, yaani tulivuta vyambo nyuma ya chombo kinachokwenda, ukingo wa mwamba nje ya Pangani tangu alfajiri mpaka saa nne. Tulikuwa na mishipi miwili, na vyambo vya rangi moja, vyote vimenunuliwa duka moja. Mshipi wa kulia ulileta nguru watano. Wa kushoto haukuguswa. Mwenzangu akasema rangi imechoka, tubadilishe chambo. Tulipoivuta yote miwili na kuipima kwa mikono, wa kulia ulikuwa na pima 18 majini, karibu mita 32, na wa kushoto pima 11. Tukaufungulia wa kushoto mpaka 18, na kabla ya kumaliza mzunguko ukaliwa.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu naona vijana wengi wanatumia fedha nyingi kununua vyambo vipya wakati tatizo ni kwamba hawajui chambo kiko wapi chini ya maji. Urefu wa mshipi uliotoka chomboni si kina. Pima 20 za mshipi zinaweza kukuweka kwenye kina cha pima 2 au pima 10, kutegemea chambo, unene wa mshipi, uzito wa chubwi (kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi) na kasi ya chombo. Kina cha kweli kinapimwa, na vifaa vya kukipimia karibu vyote unavyo nyumbani.

Hatua ya 1: Tia alama kwenye mshipi

Pima moja ni mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, karibu mita 1.8 kwa mtu mzima. Apime mtu mmoja tu, mwanzo hadi mwisho. Mkipokezana, mmoja mrefu na mwingine mfupi, hesabu itaharibika kabla hamjaingia majini.

Anza kuhesabu kwenye chambo chenyewe, pamoja na ule waya wa mbele, kisha weka alama kwenye pima 10, halafu kila baada ya pima 5. Mimi natumia uzi wa cherehani mwekundu: fundo moja pima 10, mawili pima 15, matatu pima 20. Naukaza sana, nautia tone la gundi na kuukata karibu ili usikwame kwenye pete za fimbo. Kalamu ya wino usiitumie, jua na chumvi vitaifuta mapema. Kwa mshipi wa mkono uzi una faida nyingine: alfajiri, giza likiwa bado, unauhisi kwa kidole.

Chagua pia mahali pamoja pa kusomea alama. Mimi nasomea kwenye ukingo wa tezi, yaani nyuma ya chombo, mshipi unapotoka chomboni.

Hatua ya 2: Jua kina cha bahari ya saa hiyo

Mwenye mashine ya kupimia kina atazame kioo chake. Asiye nayo ana bildi: kipande cha risasi kwenye kamba yenye alama za pima. Kwenye shimo la chini la bildi shindilia sabuni ya mche. Ikigonga chini, sabuni inarudi na habari. Punje za mchanga maana yake ni mchanga, vipande vyeupe vyenye ncha kali ni matumbawe, na ikirudi safi ina mkwaruzo, umegonga mwamba mtupu. Mwamba na ukingo wake ndipo nguru, kolekole na mzia hupita wakitafuta vibua. Lakini huko huko ndiko chambo hukwama.

Kisha kumbuka maji kujaa na kupwa. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua (mwezi mpya na mwezi mpevu), maji hupanda na kushuka karibu mita 3 hadi 4, yaani pima 2 nzima. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, tofauti ni ndogo, mara nyingi haifiki mita 2. Mwamba uliopita juu yake salama maji yakiwa yamejaa unaweza kukukatia mshipi saa sita baadaye, na wewe hujabadilisha kitu chochote. Nilipoteza vyambo viwili hivyo kwa siku moja, mahali nilipopajua tangu utoto. Nilikuwa nimepima asubuhi maji yamejaa, nikarudi mchana na hesabu ile ile. Sasa kila kina ninachoandika nakiandika pamoja na hali ya maji: yamejaa, nusu, au yamekupwa.

Hatua ya 3: Pima kasi ya chombo ndani ya maji

Simu yenye GPS inakuonyesha kasi ya chombo juu ya ardhi. Chambo hakijui ardhi, kinajua maji yanayokipita. Mkondo wa pwani ya Tanzania na Kenya huelekea kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa kusi (msimu wa upepo wa kusini) huwa na nguvu sana. Chukua mkondo wa noti 1.5 (noti 1 ni maili moja ya bahari kwa saa, karibu kilomita 1.85). Ukielekea kaskazini na simu ikikuonyesha noti 5, chambo kinavutwa kwa noti 3.5 tu. Ukigeuka kusini ukashika noti 5 hizo hizo za simu, chambo kinavutwa kwa noti 6.5. Ndiyo maana utasikia mtu anasema samaki wanakula upande mmoja tu wa safari. Mara nyingi ni mshipi wake uliokuwa sawa upande mmoja tu.

Dawa yake ni kumbi la nazi. Lirowanishe mpaka liwe zito na likae karibu lote chini ya maji, ili upepo usilisukume. Lifunge kwenye uzi mwembamba wa mita 20 uliokunjwa vizuri kwenye ndoo, uweze kutoka bila kushika. Litupe nyuma ya tezi, anza kuhesabu sekunde, na uzi ukiisha acha kuhesabu. Gawanya 20 kwa sekunde, kisha zidisha kwa 2, na hapo una noti, kwa kukadiria. Sekunde 10 ni noti 4. Sekunde 8 ni noti 5. Sekunde 7 ni karibu noti 6. Rudia mara 3, uchukue ya katikati. Kisha sikiliza mashine yako kwenye kasi hiyo, tia rangi kidogo kwenye mkono wa moto (ule wa kuongezea kasi) pale ulipoishika, na siku nyingine utaikuta bila kumbi, ilimradi mzigo wa chombo ni ule ule.

Kwa kasi zenyewe: chambo cha nyama, kama chuchunge mzima aliyefungwa vizuri, noti 2 hadi 4. Chambo cha plastiki chenye ulimi (kibao kidogo kinachotokeza puani), noti 4 hadi 6. Vile vya manyoya na sketi vinavyoruka juu juu kwa ajili ya jodari na sulisuli huenda noti 7 hadi 9, na hivyo havina habari ndefu ya kina, vinakaa usoni mwa maji.

Hatua ya 4: Chambo chenye ulimi, kipeleke shule ya mchanga

Chambo chenye ulimi, kile wengi tunachokiita Rapala hata kama kampuni hiyo ya Finland haijakigusa, huzama kwa sababu maji hugonga ule ulimi na kukisukuma kichwa chini. Ulimi mpana, mrefu, uliolala mbele unazamisha sana. Ulimi mfupi uliosimama unazamisha kidogo. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kuongeza kasi hakukizamishi zaidi kwa kiasi cha maana. Ndani ya kasi yake ya kawaida kina kinabaki karibu pale pale, na ukizidisha mno kinalala ubavu, kinazunguka na kupanda juu.

Kinachobadilisha kina ni vitu viwili. Cha kwanza ni urefu wa mshipi: ukiongeza, kinashuka, lakini kila pima unayoongeza inashusha kidogo kuliko iliyotangulia, hadi mahali ambapo hakishuki tena. Cha pili ni unene wa mshipi. Maji hushika mshipi mnene na kuunyanyua. Namba ya futi iliyoandikwa kwenye boksi ilipatikana kwa mshipi wa aina fulani na urefu fulani. Ukifunga chambo hicho hicho kwenye nailoni nene ya mkono, usitarajie kufika huko.

Kwa hiyo upime mwenyewe. Tafuta eneo la mchanga mtupu linalopanda taratibu kuelekea ufukweni, siku ya utulivu, maji yakiwa yamesimama. Ndoana usizitoe, maana uzito wake ni sehemu ya mwendo wa chambo. Ndiyo sababu tunatafuta mchanga badala ya mwamba. Fungulia mshipi hadi alama ya pima 10, shika noti 4 au 5, na uelekee kwenye maji madogo. Weka kidole juu ya mshipi. Chambo kinachoogelea vizuri kinatetemesha mshipi mfululizo, mtetemo mwembamba kama wa nyuki ndani ya kopo. Kikigusa mchanga unasikia kitu kingine: kugonga, kusita, kugonga. Mwenzako atupe boya dogo lenye jiwe papo hapo. Chambo kiko nyuma yenu, si chini yenu, hivyo rudini kutoka kwenye boya kuelekea kina kirefu umbali kama ule wa mshipi, mshushe bildi. Kina mtakachokisoma ndicho kina cha chambo hicho kwa pima 10. Rudieni kwa 15 na 20.

Kwenye daftari langu chambo kimoja cha ulimi mrefu kinasomeka hivi: nailoni ya wastani, pima 15 za mshipi, kina pima 4. Mshipi mnene zaidi, pima 15 zile zile, kina pima 3. Pima moja ya tofauti imetoka kwenye unene peke yake. Kila chambo kina ukurasa wake, na nimekwaruza namba chini ya tumbo lake kwa ncha ya kisu ili nisikichanganye na ndugu yake.

Kabla ya kupima, hakikisha kinakwenda moja kwa moja. Kivute kando ya chombo na ukitazame kikija kwako. Kikikimbilia upande wako wa kulia, shika kipete cha puani kwa koleo ukipinde kidogo sana kuelekea kushoto kwako, kisha ujaribu tena. Kidogo sana, nasema, maana ukipitiliza utapinda na kupindua mpaka kipete kikatike. Chambo kinachokwenda upande hakifiki kina chake, na kitasokota mishipi ya wenzako.

Hatua ya 5: Ukitumia chubwi, soma pembe

Chubwi lina tabia tofauti na ulimi. Kasi inalinyanyua, na inalinyanyua kwa nguvu: ukizidisha kasi mara 2, maji yanasukuma mshipi kwa karibu mara 4. Kwa hiyo kwa chubwi shika kasi ya chini na usiibadilishe ovyo.

Funga chubwi pima 3 au 4 mbele ya chambo, lisiue mwendo wake. Kisha tengeneza kipimo cha pembe. Chukua kipande cha boksi gumu chenye kona ya mraba. Ning'iniza nati kwenye uzi kutoka kwenye hiyo kona, ili uzi ukuonyeshe wima. Kutoka kwenye kona hiyo hiyo chora mistari: unaogawa kona katikati ni nyuzi (digrii) 45, na miwili inayoigawa sehemu tatu sawa ni nyuzi 30 na 60. Shikilia boksi kando ya mshipi, ukingo mmoja ukifuata uzi wa nati, usome mshipi umelalia mstari upi.

Mshipi ulioachana na wima kwa nyuzi 30 unakupa karibu sehemu 9 katika 10 za urefu wake kuwa kina. Nyuzi 45, sehemu 7 katika 10. Nyuzi 60, nusu. Mfano: umefungulia pima 13 kuhesabu hadi kwenye chubwi, pima 1 iko hewani kati ya mkono na maji, zimebaki 12 majini. Pembe ni 45. Kina ni pima 8 na kitu, karibu mita 15. Mshipi majini haunyooki kama rula. Juu unalala zaidi na karibu na chubwi unasimama zaidi, kwa hiyo kina cha kweli kinazidi hesabu kidogo. Kwenye mwamba acha nafasi ya pima 2 kwa ajili hiyo.

Boti za watalii zina winchi yenye kamba ya chuma na chubwi zito la duara, na mshipi umebanwa kwa kibanio kinachoachia samaki akila. Hesabu ya pembe ni hiyo hiyo, ila chubwi zito hukaa karibu na wima.

Hatua ya 6: Chagua kina cha kupita

Samaki wawindaji kama nguru hutazama juu. Kibua kilicho juu yake kinaonekana kivuli cheusi dhidi ya mwanga, na humpanda kutoka chini kwa kasi. Chambo kilicho chini yake hakioni vizuri, na hata akikiona mara nyingi hashuki. Kwa hiyo ukikosea, kosea kwa kupita juu. Pima 1 au 2 juu ya samaki ni nafasi nzuri.

Alfajiri naanza na kina kidogo, pima 2 hadi 3, hata kama mwamba uko pima 12. Jua likipanda nashusha, pima moja moja, hadi nipate jibu. Ndege wakiwa wanadonoa na sehewa (jodari wadogo) wakiruka, nyanyua mshipi mmoja mara moja, chakula kiko juu.

Mahali pa kuzingatia zaidi ni mbele ya mito: Pangani, Rufiji, Sabaki. Wakati wa masika maji ya mto ni mekundu, na kwa kuwa ni matamu ni mepesi, hutandaza juu ya maji ya bahari kama mkeka. Wengi wakiona wekundu wanageuza chombo. Usigeuze kabla ya kutazama nyuma ya mashine. Panga ya mashine, ile inayozunguka majini, inachimba maji ya chini na kuyaleta juu. Ukiona povu lako linaacha njia ya buluu au kijani katikati ya wekundu, mkeka ni mwembamba, na chini yake kuna maji safi yenye samaki. Peleka chambo pima 3 au 4. Njia ikibaki nyekundu, hapo sawa, nenda kwingine.

Ndugu zetu wa Ziwa Viktoria wanaorambaza sangara kwenye ncha za mawe watumie hatua hizi hizi kwa noti 2 hadi 3. Wao wana nafuu, hawana kupwa na kujaa, hivyo kina walichokiandika Jumatatu kitakuwa kweli Ijumaa.

Hatua ya 7: Panga mishipi na ugeuke kwa upole

Kinachozama sana kikae karibu na chombo, kinachopita juu kikae mbali nyuma. Kwa mpangilio huo mmoja hupita juu ya mwingine bila kugusana. Mishipi 3 inatosha boti ya mita 7: chubwi katikati, ulimi kulia, na cha juu juu kushoto, mbali.

Geuza kwa duara kubwa. Mshipi wa ndani ya kona unapungua kasi: wenye chubwi unazama, na chambo cha ulimi kinachoelea kinapanda. Wa nje unaongeza kasi. Samaki akila kwenye kona, usifurahi tu, angalia ni mshipi upi. Ukiwa ni chubwi la ndani, fungulia pima 2 zaidi utakaponyooka, kwa sababu samaki wamekuonyesha wako chini ya ulipokuwa.

Mshipi wa mkono usiuzungushe kiganjani hata mara moja. Nguru mkubwa akivuta, mshipi hukata nyama hadi mfupa. Ufunge kwenye kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nao ufungwe kwenye chombo, na uvae glavu. Mpira unavuta mshtuko, na kwa kuutazama tu unajua hali: ukitetemeka sawasawa, chambo kinaogelea. Ukivutika kidogo na kutulia kimya, chambo kimeshika majani na kimeacha kina chake, kivute ukisafishe. Ukinyooka wote, unajua: samaki.

Ndani ya hifadhi za bahari zisizoruhusu uvuvi, mishipi yote iwe ndani ya chombo.

Samaki akishaingia chomboni, kabla ya kumwondoa ndoana, andika alama iliyokuwa kwenye tezi, saa, hali ya maji, na upande uliokuwa ukielekea. Tazama nchi kavu ukumbuke vitu viwili vinavyolingana, mnazi na paa, mnara na kilima. Kisha kagua waya kwa vidole, maana nguru mmoja anatosha kuupinda na chambo kilichopindwa waya hakishuki. Waya ukiwa mzima, rudisha chambo mpaka alama ile ile, shika kasi ile ile, na upite tena juu ya mahali pale kabla kundi halijahama.